Giga Moja

Alikileta ndani ya beseni, kimevikwa leso mbili
kama mtoto wa siku saba.
Kipakatalishi cha marehemu Opati.
Kizito kama jiwe la kusagia, bawaba moja imelegea,
herufi A imefutika kwa kuguswaguswa,
na betri, ukiitikisa, inalia njuga.
"Kinawaka, fundi," akasema Rispa Ayuma,
"ila kinawaza sana."

Nikakiwasha. Tukangoja.
Mvua ya Luanda ikaanza, ikapiga mabati, ikakatika,
wauza omena wakafunua turubai zao,
na kile kiduara bado kinazunguka
kama mbuzi aliyefungwa kigingini.

Nikakipasua tumbo. Vumbi, mabawa ya mende,
na kumbukumbu: giga moja.
Moja tu, nyembamba kama wembe.
Nafasi ya pili imeungua, haishiki kitu.
Basi, nyumba ndiyo hii.
Nani ahamie?

Yule wa madirisha mengi nilimfukuza siku hiyohiyo.
Mgeni wa kuja na wapambe,
akiketi anajaza kochi, akiomba maji anaomba na jagi,
na kila Jumanne ana mzigo mpya wa kushushiwa.

Nina droo ya flashi, nimezifunga nyuzi za rangi.
Uzi mwekundu: Linaksi wanayoipenda vijana wa chuo kule Maseno,
picha za milima, kivuli chini ya kila kitufe.
Hujagusa kitu, imeshakula mega mia saba;
makombo yanayobaki hayatoshi kufungulia barua.

Uzi mweupe: mega hamsini.
Hamsini!
Nilicheka peke yangu kama mtu aliyekuta noti
kwenye suruali ya mwaka juzi.
Skrini nyeusi, mshale mmoja, kimya.
Printa haiijui, ni kweli. Kila jambo uiandikie amri, ni kweli,
na Mwalimu Rispa ana miaka sabini na mmoja
na miwani iliyotiwa mguu wa waya.
Hata hivyo niliichagua. Ubahili nao una utamu wake.
Nikatupa saa. Nikatupa kalenda, kengele, rangi,
nikapunguza na kupunguza
hadi mashine ikawa inapumua kama mtoto usingizini,
nami nikalala nikijiona bingwa.

Ijumaa akaja. Akavaa miwani, akainama.
"Chepesi," nikamwambia. "Hiyo giga moja yenyewe inabaki karibu yote."
"Vizuri. Na karata?"
"Karata gani, Mwalimu?"
"Zile za mtu mmoja. Opati alizipanga kila usiku baada ya habari,
mimi nimesimama nyuma ya bega lake.
Naiona karata asiyoiona yeye. Nanyamaza.
Hakutaka kuambiwa."

Mega zangu zote zilizobaki
zikanitazama.

Kulikuwa na uzi wa kijani, nilikuwa nimeudharau.
Una kitufe kinene pembeni, chini kushoto,
pale kidole cha mzee kinapokwenda bila kuulizwa;
unakula mega mia mbili na ushei, una saa, una vikelele vyake,
na ndani, pakiti nzima, hamsini na mbili.
Niliupandisha. Dakika thelathini na nane, stima ikapotea.
Nikanunua mandazi. Stima ikarudi.
Nikaanza upya.

Kikaamka polepole, kama mtu mzima aamkavyo,
kwa kushikilia kitu kwanza.
Sikumtoza pesa ya Ijumaa, na sikumwambia kwa nini.
Alishika kipanya kama ashikaye yai,
akaiburuta sita nyeusi, akaipotezea njiani,
akairudia, akaiburuta tena hadi juu ya saba nyekundu.
Ikakaa.

"Si hiyo hapo," akasema, wala si kwangu.
"Miaka yote hiyo.
Si hiyo hapo."